Siku ya Themanini na Mbili

Gavana alisema watu wasitoke nyumbani. Alisema jioni redioni, akarudia alfajiri, kwa sauti ya mzazi anayejua watoto wake hawasikii. Theluji imezidi, shule zimefungwa, mabasi hayatembei, barabara kuu zimeachiwa magari ya dharura. Keziah aliyasikiliza maneno hayo saa kumi na moja, akiwa amesimama jikoni kwake mtaa wa Phillips na kikombe cha chai mkononi, na kwa dakika nne nzima aliamini kwamba gavana alikuwa akisema na yeye pia. Ndipo simu ikalia.

Alikuwa Margaret, muuguzi mkuu wa zamu katika nyumba ya wazee kule Roseville, ambako Keziah alikuwa akiosha, kuvisha na kulisha wazee wa Kimarekani tangu mwezi wa kumi. Margaret hakusalimu. Haukuwa utovu wa adabu. Watu wa huko simu ya kazi huianzia katikati.

"Watano wameshapiga simu kwamba hawaji," alisema. "Ninakutegemea wewe."

"Shule zimefungwa, Margaret. Nina mtoto. Mume wangu amekwama kazini Shakopee."

"Kila mtu ana mtoto, Keziah. Lakini wazee hawana likizo ya theluji. Lazima waamshwe, wale, wameze dawa."

"Mabasi hayapo."

"Ndiyo maana namtuma Duane na pikapu. Saa kumi na mbili kasoro robo atakuwa mlangoni kwako." Kisha sauti ya Margaret ililainika, nayo ndiyo sauti Keziah aliyoiogopa zaidi. "Usipotoka nitalazimika kukuandikia onyo. Na wewe bado uko ndani ya siku tisini."

Hizo siku tisini Keziah alizihesabu kama mjamzito anavyohesabu miezi. Mfanyakazi mpya akizimaliza bila kukosa kazi, siku ya tisini na moja hupewa kadi ya bima ya afya, yake na ya watoto wake. Akikosa siku moja tu, anafukuzwa au anaanza kuhesabu upya, itategemea mkubwa wake ameamkaje. Leo ilikuwa siku ya themanini na mbili. Na bima yenyewe hakuitaka kwa ajili yake, maana yeye hata mafua yalimwogopa. Aliitaka kwa ajili ya Careen, binti yake wa miaka saba mwenye pumu, ambaye pampu yake ya mwisho ilikuwa imebaki nyepesi kama ganda la yai. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Keziah alikuwa ameinama siku themanini na moja, na mgongo ulishaanza kusahau kusimama.

"Nitakuwa tayari," alimwambia Margaret.

* * *

Kila asubuhi mambo ya nyumba ile yalikwenda kwa kupokezana. Nahashon, mumewe, alifanya kazi ya usiku katika ghala moja kubwa la Shakopee na alirudi saa moja na robo. Keziah alitoka saa kumi na mbili kasoro robo. Hapo katikati palikuwa na saa moja na nusu ambayo haikuwa na mzazi, na saa hiyo ilikuwa ya Peris. Peris alikaa ghorofa ya juu katika jengo lile lile, na alifanya kazi katika nyumba ile ile ya wazee, ila yeye zamu yake ilianza saa tisa alasiri. Alishuka ngazi akiwa na blanketi begani, akajilaza kwenye kochi la Keziah mpaka Nahashon aje. Hakulipwa kitu. Alikuta chapati mbili zimefunikwa kwenye sahani, na hiyo ilitosha, kwa kuwa wote wawili walitoka Nyamira, Kenya, na mambo mengine hayatajwi bei.

Lakini leo Nahashon hakuwa anakuja. Alikuwa ameshapiga simu kusema barabara ya Shakopee imefungwa, na meneja amewatangazia kwamba hakuna atakayetoka. Na kwa kuwa hakuna atakayetoka, meneja akasema, basi waendelee kupakia masanduku. "Wametuahidi pizza," Nahashon alisema, na mke wake hakujua kama acheke au alie.

Peris alipoingia na blanketi lake, alimkuta Keziah anavaa buti.

"Ati unaenda? Si wamesema hakuna kutoka?"

"Wanakuja kunichukua. Wametuma gari."

"Gari?" Peris aliketi kwenye mkono wa kochi. "Hawa watu, Mama Careen, watakufuata hadi kaburini wakuulize mbona umechelewa."

"Utakaa naye mpaka nirudi? Baba Careen amefungiwa huko."

"Nitakaa. Lakini mimi saa tisa niko kazi. Na unajua mimi nimeshaandikwa mara mbili."

"Saa tisa nitakuwa nimetoka. Duane atanirudisha."

Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyodhani. Mtu aliyekuja kukuchukua mlangoni kwako, unadhani pia atakurudisha. Keziah hakuuliza. Kwao mtu anayetumiwa gari haulizi habari za kurudi, asije akaonekana hana shukrani, na kosa hilo dogo la adabu ndilo lililomgharimu siku nzima.

Aliingia chumbani kumtazama Careen. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na kifua chake kilikuwa kikipiga kafilimbi kembamba, kama birika lililo mbali na kuchemka. Kafilimbi hako Keziah alikajua. Kalikuwa hakajawa kabaya. Aliiweka pampu kwenye meza ya kitanda, karibu na glasi ya maji, akasimama pale mpaka honi ikalia chini.

* * *

Duane alikuwa fundi wa nyumba ya wazee, mtu wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya masikio na pikapu kubwa lililofungwa jembe la theluji mbele. Alimpa Keziah kahawa katika kifuniko cha chupa. Njia ya dakika ishirini waliiendesha dakika hamsini, na ndani ya dakika hizo hamsini hawakuona magari zaidi ya manne, matatu yakiwa mtaroni.

"Nyinyi watu huwa mnakuja," Duane alisema kwa upole. "Nimemwambia Margaret, wapigie simu Wakenya, wao watakuja. Dada yangu mwenyewe anafanya kazi ghorofa ya pili. Anakaa karibu, hata kwa mguu anafika. Amesema anaumwa mgongo."

Keziah alishukuru. Alikuwa amejifunza kushukuru sifa za namna hiyo, ingawa zilimkaa tumboni kama chakula cha jana. Alitamani angekuwa na mgongo wa kuumwa. Dada yake Duane alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kazi pale na kadi ya bima mkobani, na mgongo ni kitu ambacho mwenye kadi anaweza kuwa nacho.

Ghorofa ya kwanza ilikuwa na wazee ishirini na wanane. Wahudumu walikuwa wawili, Keziah na mama mmoja Mmarekani aliyelala palepale tangu jana na macho yamemvimba. Margaret naye alikuwa hajatoka kwa saa thelathini. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja, na alipompokea Keziah alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Ni vizuri hilo lisemwe. Margaret hakuwa shetani. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye orodha ya wazee na orodha ya simu, na orodha hizo mbili zilikuwa hazilingani.

Keziah alianza upande wa kushoto. Aligeuza watu, akafuta watu, akabadilisha nepi na mashuka, akawaketisha kwenye viti vya magurudumu, akawalisha uji wa shayiri kwa vijiko vidogo. Chumba cha kumi na nne alikuwa Bi. Lindquist, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye akili yake ilikuwa imerudi kwenye shamba fulani na majira fulani ya baridi ya zamani. Alikuwa akiitazama theluji dirishani tangu alfajiri.

"Watoto wamefika nyumbani?" aliuliza.

"Wamefika, mama," Keziah alijibu. Alikuwa amezoea. Bi. Lindquist aliuliza hivyo kila siku ya theluji, na ukimjibu hivyo alitulia kwa muda wa saa moja.

"Wote?"

"Wote. Wamekaa karibu na jiko."

Saa nne alipiga simu nyumbani kutoka dawati la wauguzi. Peris akasema mtoto ameamka, amekula chapati, anatazama katuni, amevuta pampu mara moja. Nahashon amepiga simu. Bado wako ndani, pizza haijafika. Keziah akarudi kazini na moyo umetulia kidogo. Aliziona saa zilizobaki kama mtu anavyoona ng'ambo ya mto: saa nne mpaka saa tisa, saa tano tu, kisha nyumbani.

* * *

Saa saba u nusu Margaret alimwita dawatini. Simu ilikuwa imeshainuliwa.

"Niko na Peris kwenye simu yake ya mkononi," alisema. "Duane yuko tayari kwenda kumchukua. Lakini hanijibu sawasawa, anasema hajui kama ataweza. Nyinyi ni marafiki. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje. Wewe unajua kanuni, Keziah. Huwezi kuondoka kwenye ghorofa mpaka aje mtu wa kukupokea. Peris ndiye wa kukupokea. Asipokuja, unabaki. Na ukiondoka bila kupokewa hilo si kosa la kazi tu, ni kuwatelekeza wagonjwa. Napeleka jina lako kwa wakuu wa jimbo, cheti chako cha uhudumu kinafutwa." Alisema yote hayo bila ukali, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. "Sitaki kufanya hivyo. Kwa hiyo tafadhali, mwambie."

Akampa simu, akabaki pale pale, kalamu mkononi.

Sasa, maneno ya kusema yalikuwepo, na yalikuwa mafupi: Peris ndiye anayemlea mtoto wangu, akitoka mtoto anabaki peke yake. Keziah aliyafikisha hadi mlangoni mwa mdomo. Lakini kanisani kwao Brooklyn Park kulikuwa na habari ya familia moja ya Wakenya walionyang'anywa na serikali watoto wawili, eti kwa sababu mkubwa wa miaka tisa alikutwa anampikia mdogo chai. Hakuna aliyejua jina la familia hiyo. Hakuna aliyewahi kuwaona. Lakini hapakuwa na mama hata mmoja pale kanisani ambaye hakuiamini, na kila aliyeisimulia aliishusha sauti. Ukimwambia mzungu kwamba mtoto yuko peke yake, walisema, umeshampeleka serikalini mwenyewe. Keziah akayameza maneno.

"Peris," alisema kwa Kiswahili, na akatabasamu ili Margaret aone tabasamu. "Niko na yeye hapa kando. Ongea tu."

"Mama Careen, mimi sitoki hapa. Waniandike wakitaka."

"Wakikuandika mara ya tatu umekwisha. Na mimi hawaniachilii mpaka uje. Hiyo ni kazi mbili zimeenda, na bado niko huku."

"Na mtoto?"

Keziah aliitazama saa ya ukutani. Duane afike saa nane na nusu, arudi na Peris saa tisa na nusu, yeye aondoke hapo hapo, afike nyumbani saa kumi na nusu. Mtoto atakuwa peke yake saa mbili. Yeye mwenyewe akiwa na miaka saba, kule Nyamira, aliachiwa nyumba, ng'ombe na mdogo wake mgongoni kuanzia asubuhi mpaka mama atoke sokoni, na hakuna aliyeona ajabu. Saa mbili si kitu. Alijiambia saa mbili si kitu mara tatu, na ukiona mtu anajiambia jambo mara tatu, ujue halijamwingia.

"Jirani je?" Peris aliuliza.

"Wa kushoto walihama mwezi jana. Wa kulia ni wale wanafunzi, hawajarudi likizo."

"Nije naye basi, kwa gari."

Keziah alimgeukia Margaret, akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la mbali, kama mfanyakazi anaweza kuja na mtoto leo. Margaret alitikisa kichwa kabla swali halijaisha. Kulikuwa na mafua ghorofa ya pili. Watoto walikuwa wamepigwa marufuku tangu Krismasi, karatasi ilikuwa mlangoni.

"Haiwezekani," Keziah akasema kwenye simu. "Sikiza. Mpe pampu mkononi. Mwekee maji na ile chapati. Funga mnyororo ule wa juu, mwonyeshe jinsi ya kupanda kiti, afunge mwenyewe ukishatoka. Mwambie asimfungulie mtu yeyote. Yeyote, hata akisema ni polisi. Na simu ya nyumbani asishike, ila ikilia mara mbili ikanyamaza, kisha ikalia tena. Hiyo ni mimi."

Nyuma ya Peris, Keziah alisikia katuni zikicheka.

"Saa mbili tu, Peris."

"Sawa," Peris alisema mwishowe. "Lakini hii ni wewe umesema. Si mimi."

Keziah akarudisha simu. Margaret alimgusa bega.

"Asante," alisema. "Nilijua wewe utamshawishi."

* * *

Peris aliingia saa kumi na dakika kumi, theluji imemjaa hadi kwenye kope. Keziah alikuwa ameshavaa koti tangu saa tisa na nusu na alikuwa akiwalisha wazee vitafunio nalo mwilini. Walikutana kwenye korido.

"Yuko aje?"

"Amefunga mnyororo. Nimeusikia." Peris alijipangusa kope kwa kiganja. "Tumekwama kwa daraja. Nusu saa tunachimba. Kifua chake, Mama Careen, sikukipenda."

Keziah alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Duane alikuwa ndani, amevua kofia, anapuliza viganja. Margaret alikuwa naye.

"Pole sana," Margaret alisema. "Duane hatoki tena. Wameyaondoa barabarani hata magreda ya kusukuma theluji, hawaoni mbele. Na ghorofa ya pili haina mtu hata mmoja, Keziah. Itabidi nyote wawili mlale hapa. Nimekutandikia kitanda chumba cha ishirini."

"Peris amekuja," Keziah alisema. "Ulisema Peris akija nitatoka."

"Nilisema utakuwa umepokewa. Umepokewa ghorofa ya kwanza. Naomba sasa upande ya pili."

Hakuna aliyepaza sauti. Duane alitazama buti zake. Keziah aliutazama ule mlango wa kioo. Nje palikuwa peupe pote, bila juu wala chini, na kutoka pale hadi Phillips ni maili nane. Alifikiri kwenda kwa mguu. Alilifikiri kwa makini kabisa, kama watu wanavyofikiri bei ya kitu dukani, kisha akarudi dawatini kwa wauguzi na kuinua simu. Aliiacha ilie mara mbili. Akakata. Akapiga tena.

"Mum?"

"Careen. Uko sawa, mama?"

"I'm okay." Kisha kikohozi, kirefu, na baada ya kikohozi hewa ikaingia kwa kelele. "Mum, the thing is empty. I pressed it and... it's empty."

Birika lilikuwa limechemka. Mtoto alikuwa akisema maneno mawili na kupumzika, maneno mawili na kupumzika.

"Kaa kitako," Keziah alisema. "Usilale. Inamia mbele, shika magoti, hivyo, pumua polepole. Mama anakuja."

"When?"

Keziah aliiweka simu mezani bila kuikata, akageuka. Margaret alikuwa amemfuata na kalamu yake na orodha yake.

"Binti yangu yuko peke yake," Keziah alisema. "Ana miaka saba. Ana pumu na dawa imekwisha. Peris ndiye aliyekuwa naye."

Margaret alichukua simu ya pili. Sasa hakuwa mtu aliyechoka, alikuwa muuguzi. Alipiga tisa moja moja, namba ya dharura, akauliza anwani bila kugeuza kichwa, akairudia kwa sauti kavu. Mtoto wa miaka saba. Pumu. Peke yake. Hilo la mwisho waliliuliza tena upande wa pili, naye akalirudia. Ndiyo, peke yake. Tangu saa nane na nusu. Ndiyo, mama yuko hapa.

Alipomaliza hakuiweka simu chini. Aliifunika kwa kiganja.

"Wanakwenda. Greda linatangulia, ambulensi nyuma. Dakika kumi na tano." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Keziah, kuna simu ya pili lazima niipige. Ya ustawi wa watoto. Mimi ni muuguzi, sheria inanilazimisha, sina hiari. Wewe pia waelewa."

"Naelewa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Saa kumi na moja alfajiri nilikuambia nina mtoto."

"Hukusema atakuwa peke yake."

"Saa kumi na moja alikuwa hajawa peke yake."

Margaret aliondoa kiganja, akapiga ile simu ya pili, na Keziah alisimama hatua mbili kando akisikia jina lake likitajwa herufi kwa herufi. Peris alikuwa ukutani, amejifunika uso kwa kofia yake ya sufu. Magreda yaliyokuwa hayaoni mbele yalikuwa yamepata macho. Barabara ambayo haikuweza kumrudisha mama nyumbani iliweza kuwapeleka watu wengine wote.

Dakika kumi na nne baadaye dawati lilipigiwa. Margaret alisikiliza, akamnyooshea Keziah simu ile nyingine.

"Wako mlangoni kwako. Anakataa kufungua. Amesema ameambiwa asimfungulie mtu yeyote, hata polisi. Hawataki kuvunja mlango akiwa nyuma yake. Zungumza naye."

Laini ilikuwa bado wazi. Careen hakuwa ameikata. Keziah aliita jina lake mara nne kabla ya mkono mdogo kuinua simu.

"Mum. There's people."

"Najua. Wafungulie."

"Auntie said... don't open."

"Mimi ndiye nilimwambia aseme hivyo. Umefanya vizuri sana. Sasa fungua."

Mtoto alipumua. Kafilimbi kalikuwa kamekwisha. Kilichobaki kilikuwa kama msumeno kwenye mti mbichi.

"Is it you outside?"

Keziah alifunga macho. Angeweza kusema ndiyo. Mlango ungefunguka upesi zaidi.

"Si mimi, mama. Mimi niko kazini. Panda kiti ufungue."

Alisikia simu ikiwekwa mezani. Alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikisimama, kikiburutwa tena. Kisha kimya kirefu, kisha mnyororo. Sauti ya mwanamume ilisema jambo la upole kwa Kiingereza. Buti nyingi ziliingia nyumbani kwake, mtu akasema neno oksijeni, na mwingine akauliza jina lako nani, mpenzi. Keziah hakusikia jibu. Mtu alipita karibu na meza, akaiona simu imelala wazi, akairudisha mahali pake.

Keziah aliendelea kuishika yake sikioni. Taa ya chumba cha kumi na nne iliwaka juu ya mlango, kengele ikalia. Miguu yake ilishaanza kwenda yenyewe wakati Margaret alipomshika koti.

"Kaa," alisema. "Nitakwenda mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa hivyo katika siku themanini na mbili. Keziah alikaa. Mlango wa chumba ulibaki wazi, na kutoka pale dawatini alimsikia Bi. Lindquist akiuliza kama watoto wamefika nyumbani. Margaret hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo.

"Watoto gani?" alimjibu.